Farasi wa Bwana Josho

Kabla sijawa Bwana Josho nilikuwa na jina kama watu wengine. Kijiji kilinivua jina hilo mwezi uleule niliokabidhiwa ufunguo wa josho la ng'ombe, na mpaka leo, nikipita sokoni Kilosa na mvi zangu, wapo wanaoniita hivyo kwa mbali. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama kando ya mfereji wa saruji uliojaa maji ya dawa ya kupe, nikiwahimiza ng'ombe watumbukie mmoja mmoja, waogelee, watoke upande wa pili wakiwa wamelowa na wamenuna. Nilikuwa nimesomea mifugo mwaka mmoja tu, na katika mwaka huo mwalimu hakutaja farasi hata mara moja. Nasema haya mapema ili nisipewe sifa nisizostahili. Zile ninazostahili nitazidai mwenyewe.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio. Shamba kubwa la katani lililopakana na kijiji chetu lilikuwa limeshakuwa mali ya umma, na meneja wa zamani, Mzungu mmoja mrefu, aliondoka na mke wake, mbwa wake na masanduku yake. Farasi hakuingia kwenye gari. Saisi aliyekuwa akimtunza naye akarudi kwao kusini. Ikawa kila mtu anadhani kuna mwenzake anayemlisha.

Nilimkuta nyuma ya korona, ndivyo tulivyouita mtambo wa kuchakata katani, siku nilipokwenda kuomba kamba za josho. Alikuwa jike, rangi ya hudhurungi, na doa jeupe katikati ya macho, dogo kama kifungo cha shati. Amefungwa kwenye nguzo, na kamba imemkata shingo hadi nyama ikaonekana. Mbavu ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Kwato zilikuwa zimerefuka na kupinda kwa mbele kama ndala zilizochakaa. Mgongoni alikuwa na kidonda, nzi wamekaa juu yake bila wasiwasi, maana mkia ulikuwa umeshikana na makapi ya katani hata haupungi. Nilipata hasira. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku ile nilimgombeza kila niliyemkuta pale, kuanzia mlinzi wa lango hadi fundi wa mtambo, ambaye kosa lake pekee lilikuwa kusimama jirani.

Wiki hiyohiyo kukawa na mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wetu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata katani, akapanda hadi unyapara, kisha tukamchagua. Mimi ni Msagara, kwa hiyo tulikuwa watani, na asiyejua utani wetu ni bora nimweleze. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako na wewe ukacheka. Ukifiwa, anakuja msibani kukuchekesha kwa nguvu, na anaweza kubeba chombo chako ndani ya nyumba asikirudishe mpaka umkomboe kwa kuku. Huruhusiwi kununa. Mwenyekiti alikuwa bingwa wa mambo hayo, na uongozi haukumpunguza hata kidogo.

Baada ya habari za shamba la ujamaa akatangaza kwamba bwana nyama, askari wa wanyama wa porini, atakuja kutoka Mikumi na bunduki, ammalize yule farasi, apumzike na mateso na kijiji kipumzike na aibu. Watu wakaitikia. Mzee mmoja akaongeza kwamba hata bunduki ni kupoteza risasi, mbung'o watafanya kazi hiyo wenyewe, kwa kuwa farasi akiumwa na mbung'o haponi.

Nikasimama. "Nitamchukua mimi."

"Mtani," mwenyekiti akasema, "ng'ombe wa kwako huna hata mmoja. Leo unataka kumrithi mjane wa meneja?"

Mkutano mzima ukacheka, na kuanzia siku hiyo farasi akawa Mjane wa Meneja. Mimi sikucheka, ingawa ulikuwa utani na nilipaswa. Nikasema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika kwamba masika yakiisha nitamwongoza yule farasi kwa kamba mbele ya mkutano huohuo, akiwa amenenepa, na hapo nimwone mwenye bunduki. Mwenyekiti alipoona nimeiva akaacha mzaha.

"Sawa. Mpaka masika yaishe. Ukishindwa, bwana nyama anakuja, na hutagomba."

Nikakubali mbele ya watu wote. Nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo nilipoanza kujiuliza farasi anakula nini.

Mke wangu alikuwa akipepeta mchele uani nilipoingia na mnyama yule akichechemea nyuma yangu. Alimtazama farasi, akanitazama mimi, akaendelea kupepeta. Baadaye aliinuka akaenda kuchana kanga yake iliyochakaa, akasuka ukamba mpya wa katani na kuuviringisha kile kitambaa pande zote, ili usiguse kidonda cha shingo. Kanga ilikuwa nyekundu. Hatamu ile niliitunza kuliko vyeti vyangu.

Tulimweka kwenye banda la zamani la kuhifadhia pamba. Nilimsafisha vidonda kwa maji ya chumvi, nikamkata kwato kidogo kidogo kwa kisu na tupa ya kunolea majembe, siku moja mguu mmoja, kwa sababu hakuniruhusu zaidi. Nilimkatia majani mabichi kando ya mto Mkondoa, nikampa pumba na mabua ya mahindi, na alikula. Alikula vizuri kabisa. Lakini hakucheua.

Mtu wa ng'ombe atanielewa. Ng'ombe mzima akishiba hutulia, akacheua, na jambo la kwanza tulilofundishwa darasani ni kwamba ng'ombe asiyecheua ni mgonjwa. Basi nikakaa kwenye gogo mbele ya yule farasi siku ya kwanza nikimtazama mdomo. Siku ya pili nikamtazama tena. Siku ya tatu nikaomba ruhusa kazini. Anakula, anameza, anasimama, basi. Nikajiambia tumbo limefunga, na nisipofanya kitu nitamzika kabla ya mvua ya kwanza. Nikachanganya mafuta ya kula na magadi kwenye chupa ya soda, kama tunavyowanywesha ng'ombe, nikamwinua kichwa, nikamiminia. Alikohoa, akanirudishia mafuta yote usoni, kisha akaning'ata begani. Kovu ninalo.

Nilikuwa najifunga kitambaa begani alipofika mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akituletea maziwa asubuhi kwa punda wake. Alinizidi umri, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kakuuma?"

Nikamweleza kwa unyonge, nikamwambia farasi huyu ana siku tatu hajacheua. Mama yule akaweka kibuyu chini taratibu. Akamwangalia farasi, kisha akamgeukia punda wake aliyekuwa amesimama mlangoni, akimaliza kula maua ya mke wangu.

"Bwana Josho, huyu punda wangu unamwona kila siku kwa mwaka wa ngapi?"

"Wa tatu, mama."

"Umewahi kumwona akicheua?"

Nilimtazama punda. Punda akanitazama. Mke wangu, aliyekuwa amejizuia siku tatu zote, akaingia ndani haraka na tukamsikia akicheka huko peke yake mpaka akakaa chini. Sikuwahi kumwuliza yule mama jambo lolote la mifugo kabla ya siku ile, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na cheti na yeye hakuwa nacho. Kuanzia siku ile nilimwuliza kila kitu.

Yeye ndiye aliyetufundisha moshi. Alituletea kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, akakiwasha mlangoni mwa banda ndani ya debe lililotobolewa matundu, kikawa hakitoi mwali, kinatoa moshi mzito wa taratibu. Mbung'o hawaupendi. Kwao, akasema, ndama hulelewa ndani ya moshi huo. Kutwa nzima farasi alikaa bandani gizani, tumetundika magunia mabichi mlangoni, na malisho yake yalikuwa alfajiri na jioni tu, wakati mbung'o wametulia. Haikuchukua majuma mengi farasi akaujua mchezo. Ukimwachia alfajiri atakula majani, na jua likianza kuchoma anarudi mwenyewe hatua kwa hatua hadi kwenye debe, anaingiza kichwa ndani ya moshi na kufumba macho, kama mzee anayeota moto. Mke wangu alikuwa akimpita na ndoo ya maji akimwambia, "Habari za asubuhi, mjane," naye anatikisa sikio.

Bwana mifugo wa wilaya nilimfuata mjini Kilosa kwa baiskeli mpaka akanipa sindano ya ugonjwa wa mbung'o. Alinipa kwa shingo upande, kwa sababu dawa ilikuwa ya ng'ombe na ilikuwa haba. Nilipokuwa nafunga mzigo akaniambia jambo ambalo sikutaka kulisikia.

"Hiyo sindano inamsogezea siku tu, ndugu. Huku bondeni farasi haishi. Kama unampenda, mtafutie mahali pa baridi."

Niliendesha baiskeli kurudi nyumbani nikiwa nimemkasirikia yeye, baiskeli na barabara.

Masika yalikuja, Mkondoa ikajaa, na farasi akaanza kuwa farasi. Kwanza manyoya, yakang'aa. Mbavu zikafunikwa moja moja kutoka nyuma kuja mbele. Kidonda cha mgongoni kikaota ngozi, na juu ya ngozi nywele nyeupe. Siku moja nilimsikia akikimbia uwanjani, nikatoka na sabuni usoni kuangalia. Alikuwa akikimbia bure tu, hakuna kinachomfukuza, mkia juu. Wapita njia walisimama barabarani na majembe yao. Nilisimama pale nimevimba kichwa, nikijifanya nimetoka kuangalia mawingu.

Lakini jambo moja lilinikosesha raha. Tangu afike kwetu hakuwahi kulala chini. Alfajiri nitamkuta amesimama, mchana amesimama, anasinzia wima na mguu mmoja ameulegeza. Yule mama wa maziwa nilipomwuliza alisema tu, "Bado."

Basi ikafika asubuhi moja mvua imepumzika na jua limetoka kali. Nilikuwa joshoni, nimevaa buti za mpira, ng'ombe wamejaa kwenye njia, ndipo niliposikia kilio. Kilio cha msiba, sauti ya mwanamume, kinatoka upande wa nyumbani kwangu. Mtu mmoja akaja mbio: "Bwana Josho, mjane amefariki."

Niliwaacha ng'ombe wa watu ndani ya mfereji. Nilikimbia na buti zikiwa zimejaa maji ya dawa. Kufika uani nikakuta watu wamekusanyika, na mwenyekiti, ambaye alikuwa akipita kwenda shambani akamchungulia farasi kupitia ukuta wa miti, amejifunga gunia kichwani, analia kwa mbwembwe zote za mtani. "Meneja alimwacha hai, Msagara kamwua kwa pumba!" Baiskeli yangu alikwisha kuitoa ndani, ameishikilia mkononi, wala haachii mpaka kuku wa msiba apatikane. Watu wanacheka na wengine wanasikitika, kama ilivyo kwenye misiba yetu yote.

Farasi alikuwa katikati ya uwanja, juani, hakurudi kwenye moshi wake, amelala ubavu. Miguu yote minne imenyooka, shingo imenyooka, mdomo kwenye vumbi. Sioni haya kusema kwamba nililia, na wala sikulia kwa utani. Niliona miezi ile yote, majani ya Mkondoa, moshi, kanga nyekundu, na maneno yangu mkutanoni yakinirudi mdomoni. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja tumboni mwake.

Tumbo lilikuwa la moto. Likapanda, likashuka.

Nikabaki hivyo, kiganja kikipanda na kushuka. Kisha jicho moja likafunguka, likanitazama bila haraka, na yule mjane akapumua kwa kishindo cha kuniambia nimemkatiza usingizi. Akakunja miguu, akainuka, akajikung'uta mwili mzima. Vumbi lote lilimwendea mwenyekiti na gunia lake.

Sijawahi kuona watu wakicheka vile. Mwenyekiti alikohoa, akafuta macho, akarudisha baiskeli ukutani kwa adabu. Kwa kuwa mtani aliyelia msiba usiokuwepo naye ana adhabu yake, jioni alileta jogoo, na tulimla pamoja.

Mama wa maziwa alikuwepo pembeni na punda wake. Alingoja kelele zipungue.

"Punda wangu naye hulala hivyo akiwa nyumbani," akasema. "Porini analala wima, maana hajui nani atakuja. Huyu leo ameona hapa ni kwao."

Nilisikia fahari ambayo sikuwahi kuisikia, si siku ya cheti wala siku ya harusi, na mke wangu akisoma haya anisamehe. Mnyama aliyefungwa kamba ikamla shingo alikuwa amejinyoosha kwenye uwanja wangu, akatukabidhi usingizi wake.

Masika yakaisha. Nilimwongoza mpaka mkutanoni kwa ile hatamu ya kanga, mafuta ya nazi yaking'aa kwenye kwato zake, na watu wakasimama. Mwenyekiti akatangaza kwamba habari ya bunduki imekwisha. Nilirudi nyumbani nimeshinda, na jioni hiyohiyo mke wangu akaniuliza kuhusu ile barua.

Ilikuwa barua ya shamba moja la ng'ombe wa maziwa la serikali, huko nyanda za juu za Iringa, kwenye baridi, ambako hakuna mbung'o. Bwana mifugo wa wilaya aliwaandikia bila kuniambia. Walikuwa na farasi wawili wa kuchungia na walikuwa tayari kumpokea wa tatu. Niliificha chini ya godoro majuma mawili.

"Nimemponya mwenyewe," nikamwambia mke wangu. "Watu wa Iringa walikuwa wapi?"

"Umemponya ili afie hapa?" akauliza.

Siku mbili nilinuna, na siku ya tatu nikaenda kwa mwenyekiti kuomba kibali cha kusafirisha mnyama. Alikigonga mhuri bila utani wowote, jambo ambalo lilinitisha.

Tuliondoka alfajiri kwa lori la ushirika lililokuwa linakwenda tupu hadi Mikumi. Mama wa maziwa alileta gunia la kinyesi kikavu na debe lake lenye matundu. "Njia yote ina mbung'o," akasema. "Moshi usikatike." Tukamwaga udongo sakafuni mwa lori, tukaweka debe juu yake, na mimi na farasi tukasafiri ndani ya moshi, tunakohoa pamoja. Mke wangu alimpapasa lile doa la kifungo, akaingia ndani kabla lori halijawaka.

Mikumi ilikuwa shida. Pale malori ya barabara kuu yanaposimama, wasafiri wanakula na madereva wanapumzika, watu walituzunguka kama tumeleta sarakasi. Wengi walikuwa hawajamwona farasi maishani. Mwuza mayai mmoja aliapa kwamba ni pundamilia aliyefutwa michirizi, na kwamba watu wa hifadhi watanikamata. Dereva wa kwanza alikataa kubeba mnyama. Wa pili alikubali mnyama akakataa debe.

"Unataka uniwashie moto ndani ya gari langu, mzee? Nikifika Iringa niseme nini?"

Nilikuwa sijafika hata miaka arobaini, lakini kwa moshi ule nilifanana na babu. Nilianza kupandisha hasira, nikamwona farasi. Alikuwa amesimama katikati ya umati ule, honi zinapigwa, watoto wanamgusa miguu, naye ametulia, kichwa begani kwangu, lile bega alilolikata kwa meno. Kama yeye aliweza kutulia, mimi nani. Nikamwambia dereva kwa sauti ya chini habari yote, tangu korona mpaka pale. Alinisikiliza huku anakula yai. Alipomaliza akaenda kulisogeza debe mwenyewe, akalizungushia mawe.

"Cheche moja tu, nawashusha wote wawili," akasema.

Hatukutoa cheche hata moja. Tukapanda milima, hewa ikaanza kuwa ya baridi, na kesho yake mchana tulifika. Majani mafupi ya kijani mpaka macho yanachoka, na wafanyakazi wamevaa masweta. Mkuu wa shamba alikuwa kijana msomi, mwenye heshima, aliyeniamkia kabla sijamfikia. Walikuwa na banda la matofali na sakafu ya saruji. Wakamwingiza humo.

Aligoma. Alipiga mlango kwa mateke mpaka ubao ukapasuka, akatokwa jasho kwenye baridi ile, na kesho yake nyasi zilikuwa kama zilivyowekwa. Wakamtoa uwanjani, akawa anazunguka uzio, hasogelewi na mtu, hata mimi alinikimbia. Mkuu wa shamba alikuja na kofia mkononi.

"Mzee, nakuomba radhi. Akiendelea hivi ataumia, au ataumiza watu. Kesho kutwa kuna gari la kwenda bondeni. Itabidi umrudishe."

Nilijua kurudi ni nini. Sindano ilikuwa imebakiza wiki chache, na dawa nyingine nilishaambiwa haipo. Nilikaa juu ya ndoo nikitazama yule mnyama anavyozunguka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya korona sikuwa na mtu wa kumgombeza.

Ndipo nikakumbuka debe. Wafanyakazi walicheka waliponiona nawasha kinyesi uwanjani. "Huku hakuna mbung'o, mzee," wakaniambia. Nikasema najua. Kile kikavu cha kwetu kilikuwa kimebaki kiasi cha konzi mbili, nikakimaliza chote. Moshi ukasimama, upepo ukaupinda kuelekea kwake. Farasi akasimama. Pua zikafunguka. Akaja, hatua moja, anangoja, hatua nyingine, mpaka akaingiza kichwa kwenye moshi na kufumba macho. Hakuna aliyecheka tena. Yule mkuu wa shamba aliniuliza kwa sauti ndogo kama kinyesi cha ng'ombe wao kinafaa, nikamwambia ng'ombe ni ng'ombe, kikaushwe tu. Akatuma watu wakakianike siku hiyohiyo.

Asubuhi ya safari yangu niliamshwa na mkamuaji wa maziwa, anahema. "Mzee, pole sana. Farasi wako amekufa."

Nilivaa sweta niliyoazimwa. Sikukimbia. Tulipofika uzioni walikuwa wamesimama kadhaa, kofia mikononi. Jua lilikuwa limetoka, na karibu na debe lililozimika, juu ya majani ya watu wengine, mbele ya watu ambao hakuwajua juzi, alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka yote minne.

"Mtazameni tumbo," nikawaambia. "Na mpite kwa miguu ya paka."

Nilitaka kuingia nikamguse. Nilitaka aamke anitazame kwa lile jicho lake. Gari lilikuwa linanguruma langoni. Nikatundika hatamu ya kanga nyekundu kwenye nguzo ya uzio, nikamwacha na usingizi wake.

Nyumbani nilifika na vumbi la mikoa miwili. Mke wangu alinipa maji ya kuoga, macho yake yalikuwa mekundu. Mwenyekiti alipita kunitukana kidogo, kwa kunipa pole. Asubuhi akaja mama wa maziwa na punda wake. Nilimwamkia, akaitikia, akaweka kibuyu chini.

"Alilala?" akauliza.

"Alilala."

"Ubavu?"

"Ubavu, mama. Mbele ya watu."

Kisha akanyoosha mkono, akanishika mkono wangu kama wanaume wanavyoshikana wakimaliza kazi ngumu, akatupimia maziwa yetu, akamgeuza punda wake na kuondoka. Nikavaa buti zangu za mpira nikaenda joshoni, na siku hiyo, kila aliyeniita Bwana Josho, niliitika kwa sauti.